Isale na Gari Lililosita

Jumamosi ile asubuhi nilipaswa kusema hapana, nikasema ndiyo. Kaka yangu alikuwa amesimama uwanjani kwangu, akaniuliza kama kesho yake ningeweza kuwashusha, yeye na mkewe, mpaka Chekereni bondeni kwa gari langu. Nilijua gari lile lina ugonjwa. Nilijua hata ugonjwa wenyewe ulipo, maana nilikuwa nimeonyeshwa kwa kidole. Nikamjibu, "Tutakwenda, kaka. Gari lipo."

Nimeanza na maneno hayo kwa sababu ndiyo ninayoyasikia kila siku. Yanayofuata ni maelezo tu ya jinsi mtu mzima, mwenye akili zake na cheti chake cha kidato cha nne, alivyofika hapo.

Gari lilitoka kwa binti yetu anayefanya kazi Dar. Alikuja nalo Krismasi moja, akarudi kwa basi, akatuachia. "Baba, mama asipande tena pikipiki kwenda kliniki," alisema, akanipa funguo. Lilikuwa gari la juu, la dizeli, viti saba, la kujibadilishia gia lenyewe. Mimi udereva niliupata ujanani, nilipokuwa karani wa ghala la kahawa na kuendesha pikapu la kazini, kwa hiyo sikuwa mgeni wa usukani. Nililiosha gari lile kila Jumamosi. Nililiegesha mbele ya nyumba, si nyuma, ili apitaye njiani alione. Hilo nalo niliseme, kwa kuwa lina sehemu yake katika mambo haya.

Mara ya kwanza nilipoogopa ilikuwa kwenye kona ya juu ya kanisa. Kutoka barabara ya lami mpaka kwetu ni kupanda tu, na pale kwenye kona upande mmoja ni ukuta wa udongo na upande wa pili ni korongo lenye migomba inayoota chini kabisa, unaona vichwa vyake tu. Mvua ilikuwa imenyesha. Mke wangu alikuwa kando yangu na kapu la soko miguuni. Nilipunguza mwendo kumpisha mama mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe, halafu nikakanyaga mafuta ili nipande. Injini ilinguruma, lakini gari halikuvuta. Lilibaki pale kama limeshikwa na mkono kwa nyuma. Nikakanyaga zaidi. Bado. Kisha, nilipokuwa sasa nimekanyaga mpaka chini, likaamka lote kwa mpigo mmoja, likaruka mbele, matairi yakateleza kwenye tope, na kwa muda mfupi niliona vichwa vya migomba mbele ya boneti badala ya njia.

Nililirudisha. Mke wangu hakupiga kelele. Aliinama akaokota nyanya zilizomwagika, moja moja, akasema, "Baba, leo una haraka gani?"

"Utelezi," nikasema.

Baada ya siku ile nilijifunza kuhesabu. Nikikanyaga mafuta nahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, ndipo gari linavuta. Katikati ya moja na tatu hakuna kitu. Umeomba, hujajibiwa, na hujui jibu litakuja kwa nguvu kiasi gani. Nilianza kuwahi kukanyaga kabla ya mlima. Nilianza kukwepa kona ya kanisa, nikazungukia njia ndefu ya shuleni nikisema nataka kuona kahawa za watu. Binti akipiga simu kuuliza gari linasemaje, namwambia halina neno. Niliishi hivyo karibu miezi mitatu, nikiogopa kitu nilichokiosha kila Jumamosi.

Mwanzoni mwa Desemba niliona siwezi tena. Nikateremka peke yangu mpaka Pasua, mjini Moshi, kwa fundi mmoja niliyeelekezwa na muuza vipuri. Alikuwa mwanaume wa kama miaka arobaini, mpole wa mikono lakini si wa mdomo. Baba yake alikuja kutoka mkoa mwingine kukata miwa, na yeye alijifunzia ufundi kwenye matrekta ya shamba la miwa kabla ya kujifungulia gereji yake ya mabati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Linaumwa nini?"

"Linafikiri kabla ya kwenda."

Alicheka, akaniita kama mjini wanavyowaita wanaume wa mlimani kwetu. "Mangi, gari likishaanza kufikiri, wewe ndiye unayetakiwa kuanza kuomba Mungu."

Hakufungua kitu. Alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akaniambia niendeshe, yeye akakaa kando na kioo cha kifaa hicho mapajani. Tulishika barabara ya Himo. Njiani alinieleza kwa lugha ninayoielewa: turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa kurudi ndani ya injini, ndipo inapata nguvu. Moshi ukiwa mdogo, feni zinachelewa kushika kasi.

"Kila turbo inachelewa kidogo," alisema. "Yako inachelewa kama mtoto aliyeitwa akachote maji. Haya, punguza. Sasa kanyaga."

Nikakanyaga. Moja, mbili, tatu.

"Umeona? Injini inaomba hewa hapa." Akagusa namba moja kwenye kioo. "Hewa inayofika ni hii. Hapo katikati ndipo unapoogopa."

"Nani kakwambia naogopa?"

"Mzee, umeshika usukani kama umeshika mbuzi wa Krismasi."

Nililegeza mikono, nikaona aibu.

Kule gereji alifungua bomba la hewa, akaliziba upande mmoja, upande wa pili akaingiza upepo wa kujazia matairi, kidogo kidogo. Kisha akapaka maji ya sabuni kwenye mabomba yote ya mpira yanayotoka kwenye turbo. Aliniita niiname. Nilipiga magoti kwenye udongo wenye mafuta, na kwa mwanga wa simu yake nikaona, chini ya mpira mmoja mnene, mapovu yakitoka na kupasuka, yakitoka na kupasuka. Ukiushika kwa mkono, mpira ulionekana mzima. Mpasuko ulikuwa kwa chini, na ulifunguka pale tu hewa iliposukuma.

Nilifurahi sana, sitasahau. Miezi mitatu ya hofu, na kumbe ni mpasuko usiozidi urefu wa kidole gumba. Nikadhani tumemaliza.

"Bado," fundi akasema. Akaushika mkono wangu akaupeleka kwenye fimbo ndogo ya chuma iliyo ubavuni mwa turbo. "Vuta."

Nikavuta. Ilikuja nusu, ikakwama, kisha ikaachia ghafla.

"Hiyo inatakiwa iteleze. Ndani kuna mapezi madogo yanayouelekeza moshi. Yameshikwa na masizi. Gari la dizeli, linakwenda kanisani na kurudi, kliniki na kurudi, halipati hata siku moja kukimbia likapata joto. Linajisiliba masizi kama jiko la kuni. Mpira peke yake utasaidia, lakini ugonjwa mkubwa ni huo. Niachie siku mbili, nishushe turbo, niisafishe. Na mpira mpya tuagize."

Siku mbili. Nilisimama pale nikahesabu, si sekunde safari hii, bali tarehe. Wanaotoka Dar na Arusha walikuwa wanakaribia kuanza kupanda. Wenye kujua Moshi ya Desemba wananielewa: njia zetu zote za mlimani hujaa magari ya watoto wa watu, kila uwanja una gari, na misa ya Krismasi ikiisha watu husimama wakiangalia nani kaja na nini. Mwaka mzima nilikuwa nimengojea misa ile nikiwa na gari langu. Fundi akikuta kitu kingine, akichelewa, mimi nipande kanisani kwa miguu na gari liko Pasua limetolewa matumbo.

"Tufunge mpira kwanza," nikasema. "Turbo mwakani."

Alinitazama. Hakubishana, maana alinipa heshima ya uzee wangu. Aliukata mpira pale ulipopasuka, akauunganisha kwa kipande cha bomba na klipu mbili. Aliponirudishia funguo hakuziachia mara moja.

"Mzee, nimekufunga bandeji, sijakutibu. Mpaka nishushe hiyo turbo, usibebe mzigo mkubwa, na usimpite mtu wala kukata barabara ya lami kwa kubahatisha. Subiri mpaka kuwe kweupe kabisa. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Gari lilikuwa na nafuu. Nilihesabu mbili badala ya tatu, na siku nyingine moja. Nilipofika nyumbani mke wangu alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Limepona?"

"Limepona," nikasema. Huo haukuwa uongo wa kwanza, na ulikuwa mwepesi mno kutoka.

Krismasi ilipita. Niliegesha mbele ya kanisa. Kisha ikafika Jumamosi ile.

Kaka yangu na mimi tulikuwa tumekaa miaka tisa bila kusemeshana, nyumba zetu zikiwa umbali wa kuitana. Kihamba cha baba, shamba la ukoo la migomba, kilipogawanywa, mpaka wetu uliwekwa mstari wa masale, mimea ya majani marefu, kama ilivyo desturi. Isale likishapandwa, ndilo linalosema huku ni kwako na kule ni kwangu. Mwaka mmoja nilikuta mstari umepinda. Nikasema kaka amehamisha. Yeye akasema ni maji ya mfereji yaliyolaza udongo. Badala ya kuita wazee wapime, mimi nilichukua panga nikakata migomba yake mitatu iliyoegemea upande wangu, ikiwa na mikungu. Leo nasema wazi kwamba ni maji. Nilijua ni maji siku nyingi kabla ya leo. Lakini aliyeng'oa heshima kwa panga ni mimi, na aliyengojea kuombwa radhi ni mimi.

Gari lilipokuja, maneno ya kaka yalinifikia kwa njia za watu: "Mdogo wangu sasa amepata vioo vya kupandisha, hata salamu haitapita." Yaliniuma kwa kuwa yalikuwa na ukweli.

Asubuhi ile nilisikia sauti ambayo uwanja wangu haukuisikia miaka tisa.

"Hodi hapa."

Mke wangu alikuwa anapepeta maharage. Aliinua kichwa, akaona kilicho mkononi mwa shemeji yake, akaweka ungo chini na kusimama. Nami nikatoka. Kaka yangu alikuwa amevaa koti la kanisani siku isiyo ya kanisa, na mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo.

Kwetu jani la isale ni ombi la suluhu, na anayeletewa hakatai. Unaweza kuwa na hasira ya namna yoyote. Likishafika mkononi kwako, neno limekwisha, na ukilikataa ni wewe sasa uliye na kosa mbele ya watu na mbele ya waliolala kihambani. Na kwa kawaida ni mdogo anayempelekea mkubwa. Huyu alikuwa mkubwa wangu kwa miaka sita, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

"Mdogo wangu," alisema, "nimechoka kupita hapa kama mpita njia."

Nililipokea kwa mikono miwili. "Yameisha, kaka."

"Yameisha?"

"Yameisha."

Tulikaa. Mke wangu alileta mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata moja, tukanywa kwa kupokezana, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Kaka ndiye aliyeanza kucheka.

"Sasa kwa kuwa yameisha, nina shida."

"Nilijua."

"Hukujua kitu. Mwanangu ameona mke. Chekereni, kwa watu wa mpunga. Kesho mchana wanatungojea. Watatushindilia wali mpaka tusahau ndizi."

"Hongera."

"Hongera baadaye. Unajua baba hasemi mwenyewe. Anayesema ni baba mdogo. Nikienda peke yangu, wale watu watauliza, huyu mzee hana ndugu? Nitawajibu nini?" Kisha akageuza shingo, akatazama gari lililokuwa linang'aa maji ya kuoshwa. "Na kushuka, utatushusha na hilo, au?"

Hiyo "au" yake. Nimeigeuza kichwani mara nyingi. Siku ile niliisikia kama mtego: au vioo vimepanda? Ningemwambia, "Kaka, gari ni bovu," angeona nini? Angeona gari linalopeleka watu misa ya Krismasi, lililooshwa, linaloambiwa ni bovu pale tu yeye alipoliomba. Angeona nimelipokea jani kwa mikono na kulikataa kwa mdomo. Jani bado lilikuwa mapajani mwangu. Niliogopa kupoteza kaka niliyempata robo saa tu iliyopita.

"Tutakwenda, kaka. Gari lipo."

Jumapili baada ya misa ya kwanza tulipakia. Madumu manne ya mbege, mikungu miwili ya ndizi, mbuzi mmoja amefungwa miguu kwenye gunia nyuma kabisa. Mke wangu na shemeji yangu, mke wa kaka, walikaa kiti cha kati. Kaka alikaa mbele kushoto kwangu. Gari liliinama nyuma, nikaliona limeinama, na sauti ya fundi ikanijia, usibebe mzigo mkubwa. Nilizunguka gari mara mbili nikijifanya napiga matairi teke.

"Unalikagua kama unanunua," kaka alisema. "Twende, watu wa mpunga wanapika."

Kushuka hakuna shida kwa gari la namna ile; mlima unalisukuma. Kaka alikuwa na furaha, akazungumza njia nzima. Alinionyesha nyumba mpya za watu, akaniuliza nitaanzaje kusema mbele ya wakwe. Akasema, "Usiwaeleze habari za migomba mitatu, watadhani ukoo wetu ni wa mapanga." Wanawake wakacheka. Mimi nilicheka pia. Lakini nilijua mbele kuna lami ya kukata.

Njia yetu inaingia kwenye lami kubwa upande huu wa Himo. Kwenda Chekereni unakata kulia, unavuka upande wa magari yanayotoka Moshi, unaingia upande wa pili na kuanza kupanda kidogo. Malori ya mpakani hupita hapo mchana kutwa. Nilisimama. Yakapita matatu. Nikangoja. Nyuma yangu gari la watu waliokuwa wanarudi Dar likapiga honi. Kaka hakuniharakisha, nataka hilo lijulikane. Alikuwa anamweleza mkewe jambo, amegeuza kichwa. Aliyeamua ni mimi. Niliona upande wa kulia ni kweupe, na upande wa kushoto lori moja, mbali. Kwa gari zima palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Ningeweza kungoja lile moja lipite. Nilihofu wataniona nasitasita, waniulize kuna nini.

Nikakanyaga. Moja. Gari likasogea mpaka katikati ya barabara, injini ikinguruma bila kuvuta. Mbili. Nikakanyaga mpaka chini. Kaka akageuka mbele, akanyoosha mkono akashika dashibodi.

"Mdogo wangu," alisema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaka kuniuliza jambo.

Tatu. Lori lilikuwa linapiga honi na kuvuta breki. Nilipaswa kuondoa mguu. Kama ningeondoa mguu tungebaki pale pale na lingetukosa, au lingechukua boneti. Lakini mguu haukutoka, na kwenye hesabu ya nne turbo iliamka, gari lote likaruka mbele, na kilichofika mbele ya lori kikawa mlango wa kaka yangu.

Mke wangu alivunjika mkono. Shemeji alipasuka paji la uso. Mimi sikuwa hata na mchubuko. Mbege ilimwagika ikatiririka barabarani, na harufu yake mpaka leo inanifanya nitoke nje ya nyumba za watu. Kaka alikuwa macho muda wote walipokuwa wanamtoa. Nyonga yake ilikuwa imevunjika, na mbavu. Trafiki aliandika kwamba niliingia barabarani bila kupisha, na ndivyo ilivyokuwa.

Alilazwa Moshi wiki sita. Nilikwenda kila siku nikakaa miguuni kwake, na kila siku niliogopa aniulize. Hakuuliza. Watu waliokuja kumwona walisema ni bahati mbaya, malori yale yana kasi, na mimi niliinamisha kichwa kama mtu anayekubali.

Gari lilivutwa mpaka Pasua. Ubavu wa kushoto ulikuwa umeingia ndani, lakini injini ilikuwa nzima. Nilimwambia fundi ashushe turbo. Alinitazama kwa mshangao, maana gari lenyewe halikuwa na mlango.

"Ya nini sasa, mzee?"

"Nataka kujua kama ni gari au ni mimi."

Aliishusha siku hiyo hiyo. Mpira aliounga ulikuwa umeshika vizuri, klipu zote mbili. Kisha akaipasua turbo katikati mbele yangu. Mapezi yale madogo yalikuwa meusi, yamegandana kwa masizi magumu kama yale ya chini ya sufuria. Akayasukuma kwa bisibisi, hayakusogea. Aliyaloweka, akayasugua kwa brashi moja moja, akapangusa, akasukuma tena kwa kidole. Yalifunguka na kufunga kama kope. Kazi ya mikono yenyewe haikuchukua hata mchana mmoja. Siku mbili alizokuwa ameniomba zilikuwa za tahadhari.

Hakusema "nilikwambia". Aliosha mikono kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Pole, baba," na hakuniita tena mangi.

Nilirudi nyumbani nikasimama kwenye mpaka wetu. Nilikata jani la isale, nikalifunga fundo. Kaka alikuwa amesharudishwa kwake, amelala chumba cha mbele karibu na dirisha, hawezi kujigeuza mwenyewe. Nilimwomba shemeji atuache.

Aliliona jani, akatabasamu. "Hilo umelikata kwenye mpaka? Utaupinda tena."

Sikuweza kucheka. Nikamwambia yote: kona ya kanisa, mapovu ya sabuni, fimbo iliyokwama, siku mbili nilizokataa kwa ajili ya Krismasi, maneno ya fundi. Nikamwambia nilijua wakati ananiuliza pale uwanjani. Nikamwambia nilidhani nikimnyima gari ataona nimelikataa isale.

Aligeuza macho dirishani, kwenye migomba. Nilisikia kuku wanachakura nje.

"Ungeniambia," alisema. "Ningekodi gari pale Himo. Nilikwishaongea na dereva mmoja kabla ya kuja kwako, kwa sababu sikujua kama utalipokea jani."

Niliketi ukingoni mwa kitanda.

"Mimi sikuja kutafuta gari, mdogo wangu. Nilimtafuta baba mdogo."

Kisha akanyoosha mkono, akalichukua jani, kwa sababu isale halikataliwi. Akaliweka juu ya blanketi. Hakusema yameisha. Nilingoja aseme, lakini alifumba macho, na shemeji akaingia na uji.

Kijana alikuja kuoa baadaye, kwa harusi ndogo, na aliyesema kwa wakwe alikuwa mzee wa ukoo wa mbali. Sikuombwa, na sikustahili kuombwa. Gari binti aliliuza. Wanasema sasa linavuta vizuri, ukikanyaga tu linaitika.

Kaka yangu hakusimama tena. Mvua za masika zilipoanza kifua kilijaa, na wiki ya pili ya mvua akafa, kwenye chumba kile cha mbele. Tulimzika kihambani, hatua chache kutoka mstari wa masale. Niliogopa kumwambia mtu kwamba gari langu ni bovu, nikasema ndiyo mahali pa hapana, na ndiyo ile ilimuua kaka yangu.